Swichi ya Gia Iliyorukwa kwa Waya

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya Tanga, miaka ya hamsini, nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na diploma ya umeme wa magari, mtoto wa mchuuzi wa machungwa wa Muheza, na hakuna aliyenishika mkono. Mjini humo sikumwona wa kulingana nami.

"Karibu, Bwana Diploma," alinitania Saidi, fundi wa injini kutoka Ngamiani. "Shati hilo likifika adhuhuri jeupe, mimi nitalifua kwa ulimi."

Halikufika. Tukawa marafiki.

Mwaka uliofuata likaletwa gari la meneja wa shamba la mkonge, lenye gia zinazojibadilisha zenyewe. Lilikataa kuwaka. Magari hayo yana swichi ndogo kwenye mkono wa gia: umeme hufika kwenye selfu, mota ya kuwashia injini, pale tu gia inapokuwa huru. Kuipima si kazi. Waya mmoja wa taa ya majaribio unaufunga kwenye bodi la gari, wa pili unaugusisha pale umeme unapotokea kwenye swichi, mwenzako akiwa amewasha ufunguo. Gia ikiwa huru taa iwake. Ukiingiza gia izimike. Yangu haikuwaka, gia ikiwa popote. Swichi ilikuwa imekufa.

"Iruke kwa waya," akaamuru Msimamizi wa karakana. "Mwenye gari anangoja."

"Bwana, tukiiruka, umeme ukapita bila swichi, litawaka hata likiwa ndani ya gia."

"Nimeendesha malori wewe hujazaliwa!"

Nilikataa. Akaunganisha nyaya mwenyewe, akaketi kwenye usukani, akautikisa mkono wa gia kama tulivyozoea kwenye malori: ukicheza, gia ni huru. Mkono wa gari lile hucheza popote ulipo. Saidi alikuwa ameinamia injini, ukuta nyuma yake.

"Piga selfu, bwana, nasikiliza."

Gari likawaka, likaruka mbele.

Baada ya maziko ya Saidi, Msimamizi aliniita pembeni. "Sema Saidi ndiye aliyeunganisha waya."

Mbele ya polisi nilieleza nani aliunganisha nini. Msimamizi alihamishwa, mimi nilifukuzwa, nikafungua karakana yangu Chumbageni.

Sasa nimestaafu. Vijana husema najisifu, na kweli najisifu: kwangu hakuna aliyeruka swichi ile akabaki na kazi. Lakini mama yake Saidi, hadi anafariki, hakupita tena mbele ya gari lililosimama. Alizunguka nyuma, hata jua likiwa kali, hata akiwa na mzigo kichwani.