Fundi Upepo na matairi yaliyomzamisha bwana harusi

Fundi Upepo anapanda juu ya tairi kwa miguu yote miwili, anaruka. Tairi halina habari naye. Anaruka tena, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, na wateja walioketi kwenye benchi la karakana wanaweka simu zao kando ili watazame vizuri.

"Baba watoto, likikushinda sema," anasema mkewe, mikono ameikunja kifuani, aproni yenye unga bado iko kiunoni. "Keki inasubiri nyumbani, na jioni wageni wanaingia ukumbini."

Tairi linalomtoa jasho si la mteja. Ni la gari la nyumbani, ambalo mkewe, mwoka keki, hulitumia kupelekea oda zake. Ni tairi la aina ya ran-flati: mbavu zake ni ngumu kiasi kwamba hata upepo ukiisha wote, gari linaendelea kutembea hadi lifike kwa fundi. Ugumu huohuo ndio unaolifanya ling'ang'anie rimu leo. Na ndio uliokuwa ukipeleka kila shimo la barabarani moja kwa moja kwenye buti, zinakokaa keki.

Fundi huyu ameziba pancha tangu ujana wake. Siku nzuri huziba kumi na tano. Ndiyo maana aliponunua gari hilo la mtumba, matairi yake yalimpagawisha kwa furaha. Alimsimulia kila aliyesimama karibu kwamba gari la mke wake halijui pancha ni nini. Wenzake walimuuliza kama yuko sawa, fundi wa pancha kusifia tairi la kumnyima kazi. Yeye alizidi kutamba.

Halafu zikaanza safari za keki.

"Keki ya kwanza ilifika tabaka lake la juu limehamia la kati," mkewe anakumbuka. "Nikamwambia haya matairi yanagonga mno. Akaniambia krimu yangu ni laini."

Fundi anakohoa, lakini hakani. Alilaumu krimu, kisha akalaumu barabara, kisha akabadilisha shokapu zote nne. Alilaumu kila kitu isipokuwa matairi. Aliwahi hata kumshauri mkewe aoke keki ngumu zaidi. "Keki za zamani zilikuwa zinavumilia," anajitetea huku akiangalia pembeni. Mkewe anasema keki anayoizungumzia ni mkate.

Mambo yaliharibika kabisa kwenye harusi ya mwezi uliopita. Bwana harusi wa plastiki aliyewekwa juu ya keki alifika amezama kwenye krimu hadi shingoni, na bibi harusi amesimama peke yake, anatabasamu. Shangazi wa bibi harusi, ndiye aliyeagiza keki, hakuona cha kuchekesha. Leo anaozesha binti mwingine, na amempa mwoka keki nafasi moja ya mwisho.

"Ukoo wake ndio nusu ya kazi zangu," anasema mkewe. "Nikiupoteza, nizime oveni nikae."

Basi asubuhi alimpa mumewe mambo mawili achague: matairi yatoke, au keki ipande gari la mkate la kaka yake. Fundi akamfikiria shemeji yake, mtu wa utani usioisha. "Angenicheka mpaka wajukuu wapokee zamu," anasema, na kulirukia tena tairi.

Safari hii linabanduka kwa mlio mkubwa. Benchi zima linapiga makofi. Matatu yaliyobaki yanamsumbua pia, lakini hatimaye matairi manne ya kawaida yanakaa kwenye rimu, yanajazwa upepo na kufanyiwa balansi. Fundi anaweka beseni lililojaa maji kwenye buti, anazunguka mtaa, anapita matuta yote. Anarudi na beseni bado karibu limejaa.

"Umeona?" anamwambia mkewe, kama vile wazo lilikuwa lake.

"Nimeona. Na likipata pancha njiani?"

Fundi anafungua tena buti, anapima nafasi kwa macho. Gari lililotengenezewa ran-flati haliji na spea, tairi la akiba, wala halina pa kuiweka. Buti ni la keki. Kiti cha nyuma ni cha trei za keki ndogo. Inabaki nafasi moja, kando ya dereva, na ndiyo ya fundi mwenyewe.

Wanapita nyumbani kupakia keki, na spea inawekwa mbele. Mkewe anawasha gari, nalo linapiga kelele kwamba abiria hajafunga mkanda. Fundi analifunga tairi mkanda, kisha anajibana nyuma na trei mapajani.

"Likae mbele, lenyewe lina kazi," mkewe anamweleza.

Ukumbini, shangazi anasubiri mlangoni. Buti linafunguliwa. Bwana harusi wa plastiki amesimama wima kando ya bibi harusi wake. Shangazi anainama, anakagua upande huu, anazunguka upande wa pili.

"Afadhali umebadilisha krimu, mwanangu," anamwambia mwoka keki. "Uliniambia mwenyewe ndiyo ilikuwa na kosa."

Fundi Upepo anamgeukia mkewe. Hakulijua hili. Maneno aliyoyasema yeye nyumbani kwa ubishi, mkewe aliyabeba hadi kwa wateja kama kosa lake mwenyewe, ili mtu asije akamcheka mume na matairi aliyoyasifia mtaa mzima. Mkewe anajifanya kupanga trei. Fundi anaona aibu, aibu hasa, na haifichi.

"Krimu ni ileile, mama," anamwambia shangazi. "Kosa lilikuwa la matairi. Na niliyeyang'ang'ania ni mimi."

Shangazi anaitazama spea iliyofungwa mkanda, kisha anamtazama mtu mwenye krimu magotini. Anaamua kumwamini.

"Yupo binti wa tatu," anasema. "Nitawapigia."

Keki zikishashushwa, spea inahamia kwenye buti na fundi anarudi kiti cha mbele. Anasema wana mpango wa kutafuta gari lenye nafasi ya spea, ila kuna jambo linalotangulia.

"Jumatatu nitachelewa kufungua karakana," anasema. "Zile nyumba zote zilizopokea keki zilizopinda, nataka nipite niseme krimu haikuwa na kosa."

Mkewe anawasha gari.

"Ni nyingi, baba watoto," anasema. "Tuanze leo."