Gunia la Mchanga Mkiani mwa Panzi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, gunia la mchanga liliponifunza maana ya heshima. Usicheke. Nimezunguka sana tangu wakati huo, Kisumu, Kampala, Moshi, na miji mingine ambayo hata majina yake yamenitoka. Lakini nikisikia injini ikihangaika kupanda mlima, mimi hurudi palepale kwenye ukingo wa Subukia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimemaliza shule juzi tu. Baba mdogo wangu, Barasa, alikuwa fundi wa reli pale Nakuru. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kigari kilichokufa, naye akakifufua polepole nyuma ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, jioni kwa jioni. Kilikuwa kigari cha mbio cha watu wawili, chenye magurudumu matatu: mawili mbele, moja nyuma. Injini ilikaa nje kabisa, puani. Uliketi chini sana hata ungeweza kunyoosha mkono ukachuma nyasi za barabarani. Tulikiita Panzi, kwa sababu sehemu ya nyuma iliruka kila ilipogonga jiwe.

Sijui nikuelezeje utamu wake. Gari la magurudumu manne hukubeba. Panzi ulimvaa kama koti. Uliugusa usukani kidogo tu, naye ameshageuka. Ukienda mwendo wa kawaida ulidhani unaruka, na ukiruka kweli ulisahau jina la baba yako.

Lakini ndege mzuri hakosi kasoro. Dereva aliyaona magurudumu mawili ya mbele yakicheza machoni pake. Lile la tatu, lililosukuma gari zima, hakuliona kamwe. Na kwa barabara zetu, hilo la tatu halikuwa na njia yake. Magari mengine yalikuwa yamechimba njia mbili, na katikati pakabaki kigongo cha udongo. Panzi alipopita, ya mbele yaliingia katika njia hizo, la nyuma likapanda kigongo peke yake, kama mgeni aliyekosa kiti. Kwa hiyo Baba mdogo alifunga gunia la mchanga mkiani, juu ya gurudumu hilo, ili likanyage chini.

"Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona," aliniambia. "Mwenzako alalie upande wa ndani. Na gunia lisitoke hapo hata ukiombwa na askofu."

Siku hiyo alinituma Subukia kumchukua Kukhu, nyanya yangu, mama yake mzazi. Wingu lilikuwa limefunika macho yake yote mawili, na daktari wa macho alikuwa amefika hospitali ya Nakuru. Angeondoka kesho yake asubuhi, na hatukujua kama angerudi mwaka huo au mwingine. Basi la Subukia lilikuwa limeharibika. Tulikuwa na Panzi tu.

Kukhu aliishi na Senge, shangazi yangu, ambaye mumewe alikamua ng'ombe katika shamba la mzungu. Senge alikizunguka kigari mikono kiunoni.

"Mdudu huyu ndiye atakayembeba mama yangu?"

"Ni gari, Senge."

"Gari gani lililokatwa mguu?"

Watu waliokusanyika kukitazama wakacheka. Kisha akaligusa gunia kwa kidole, na uso ukambadilika.

"Huu ni mchanga? Wewe kijana, shule ilikufunza nini? Mgonjwa hasafiri na udongo. Udongo humngojea aliyekufa."

Akalifungua gunia mwenyewe, akalimwaga karibu na zizi. Kisha, kwa sababu kwetu mtu hatoki mikono mitupu, akapakia maboga na mkungu wa ndizi mbele, miguuni pa Kukhu. Mimi nikasimama kimya.

Nilijiambia ni heshima. Senge ni dada ya baba, na neno lake kwetu halijibiwi. Hiyo ni kweli, mwanangu. Lakini kweli nyingine ni kwamba tangu asubuhi nilikuwa nikijiuliza Panzi angeruka vipi bila lile gunia.

Mvua ilitukuta katikati ya mlima. Kushoto ukuta wa udongo, kulia korongo, na chini kabisa mashamba ya mahindi yametandazwa kama mikeka. Kigongo kikageuka sabuni. Injini ikapaza sauti, lakini miti ikasimama. Halafu miti ikaanza kwenda mbele, nikaelewa kwamba sisi tulikuwa tunarudi nyuma.

Nilivuta breki kwa mikono miwili. Panzi akateleza, akageuza mkia kuelekea korongo, akakwama kwenye jiwe moja ukingoni. Nikabaki nimeing'ang'ania ile breki. Ningeiachia nishuke, tungekwenda korongoni.

"Tumefika?" Kukhu akauliza.

"Bado, Kukhu."

"Mbona sauti inakimbia na sisi tumekaa?"

"Gurudumu la nyuma halishiki. Ni jepesi. Lile gunia alilomwaga Senge ndilo lililolikandamiza."

"Ulijua lina kazi?"

"Nilijua."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Senge ni mkubwa, Kukhu. Ningemjibuje?"

Akajifuta mvua usoni. "Haya. Heshima yako imetufikisha hapa. Huo mkia uko wapi?"

Kabla sijamzuia alikuwa ameshuka, akipapasa ubavu wa gari.

"Kukhu, huko ni korongo!"

"Mimi silioni. Wewe unayeliona ndiye unayetetemeka."

Akapanda mkiani kama mtu apandaye punda, akajifunga kwa leso yake kwenye gurudumu la akiba lililokuwa hapo. "Gunia ni mimi. Na mimi simwagiki. Endesha!"

Nilimwomba asiache kusema, nijue bado yupo, maana sikuweza kugeuka. Nikaachia breki taratibu. Panzi akatikisika, akashika. Nikamsogeza pembeni, gurudumu la nyuma likaacha kigongo na kuingia katika njia iliyochimbwa. Tukapanda. Nyuma yangu Kukhu alimtukana Panzi, akamtukana Barasa aliyemfufua, akanitukana mimi na walimu wangu. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Kwenye kona ya mwisho sauti ikakatika.

Niliita. Kimya. Kusimama kulikuwa kuteleza, na kuteleza kulikuwa kumuua kama bado alikuwapo. Nikaendelea kupanda nikilia wazi kama mtoto. Juu palipokuwa tambarare nikasimama, nikageuka.

Alikuwa pale, amekumbatia gurudumu, anatema. "Gurudumu lako limenilisha tope," akasema.

Tukafunga mawe mkiani, akarudi kitini. Daktari alikuwa ananawa mikono aende zake tulipoingia, akamtazama bibi yule wa matope, akavaa tena koti lake. Bandeji za upasuaji zilipotolewa siku chache baadaye, Kukhu aliomba kwanza aonyeshwe Panzi. Alimzunguka, akaligusa lile gurudumu la nyuma.

"Ni kadogo hivi?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Ningekuwa naona siku ile, ungeenda peke yako."

Mwanangu, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiambiwe. Ningepiga goti tu na kusema, "Senge, samahani, hili lina kazi yake," angenigombeza, kisha tungepakia mawe badala ya mchanga, na mambo yangeisha hapo zizini. Waheshimu wakubwa wako. Lakini kimya kinachokufaa wewe, kichunguze vizuri kabla hujakiita heshima. Na mzigo uliofungiwa mgongoni usikimbilie kuutupa. Mimi nimetupa mingi katika safari zangu, nikidhani nitafika upesi, na mara nyingi nimejikuta nanguruma mahali pamoja, miti imesimama.

Mungu akupe mwendo, na akupe uzito wa kukushikisha njia. Na kila utakapopanda, nyuma yako asikosekane mtu wa kukutukana mpaka ufike juu.