Korongo wa Mama Sylvance

Kila Jumamosi saa tisa, Benta, karani mstaafu wa reli, aliwakusanya watoto katika ukumbi wa kanisa huko Buruburu akawasimulia hekaya za Ayalandi. Alizisikia kwa sista mmoja mzungu aliyemfundisha darasa la nne, na sasa alikuwa akiziandika upya kwa Kiswahili katika madaftari ya shule. Alikuwa na kiherehere cha kurekebisha, mama huyu! Watoto wanne wa mfalme, ambao mama wa kambo aliwageuza bata maji kwa miaka mia tisa, yeye aliwafanya korongo, wale wenye upara wanaofukua jalala. Bata maji nani amewahi kumwona Jogoo Road? Na laana ilipokwisha, korongo wake walirudi nyumbani wakiwa watoto vilevile.

Mwisho huo aliutunga mwenyewe. Mwanawe, Sylvance, alipotea katika vurugu za mwaka wa 2008, na mwili haukuonekana. Shemeji yake, Zedekiah, alimsihi wazike yago, tunda refu ambalo Wajaluo hulizika badala ya mtu asiyepatikana. Benta alimtimua. Ukishazikiwa tunda umekufa kweli, na yeye alitaka mtoto wake arudi.

Jumamosi moja Ndunge, mmoja wa wasikilizaji wake, msichana wa miaka saba kutoka Mukuru kwa Njenga, aliingia akinuka taka, kiganja kimefungwa kitambaa chenye damu. Kaka yake, Kiilu, alikuwa amechukuliwa na mafuriko, naye hakuonekana tena.

"Ni korongo ameniuma, Shosho," alisema. "Nilikuwa nampea mkate. Naendanga huko jalalani kila siku. Naita Kiilu, Kiilu, na hakuna mwenye anageuka."

Benta aliona aibu. Uchungu wake mwenyewe alikuwa amemtwika mtoto wa watu. Aliketi sakafuni, akamkumbatia, akamsimulia mwisho aliofundishwa na sista: ndege walishuka kweli, lakini wakawa watu vikongwe, wakafa, wakazikwa katika kaburi moja.

"Hawakurudi kwao?"

"Hawakurudi, mama. Na Kiilu pia harudi."

Ndunge alilia mpaka sauti ikamkauka, na Benta akalia naye.

Jioni alimpigia Zedekiah simu kule Siaya.

"Shemeji, ule mti wa yago karibu na mto bado uko?"

"Uko."

"Nichumie tunda moja. Liwe refu. Sylvance alikuwa mrefu."