Kitambaa Kilichokunjwa Ndani

Siku ambayo haijanitoka hadi leo, mwanangu, ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama yangu, pini zimejaa mdomoni. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Kibanda changu cha kushonea kilikuwa hapa hapa Voi, nyuma ya soko: cherehani moja, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mama alikuwa ameshuka kutoka kwetu Mghange, juu milimani, na sare yake ya akina mama wa kanisani, ile ya buluu yenye kola nyeupe, nimpunguzie kiuno. Ilikuwa mara ya tatu. Nikamzungushia futi, nikasoma, nikatoa pini mdomoni ili nicheke vizuri.

"Mama, hata wewe," nikamwambia. "Umerudi msichana."

Naye akacheka. Kicheko kile bado nakisikia, na sasa najua kilikuwa kimebeba nini.

Lazima nianze nyuma kidogo. Nilikuwa mnene, mwanangu. Kazi ya cherehani ni ya kukaa, na chai na mahamri vilinifuata pale pale nilipokaa. Magoti yakaanza kuuma. Daktari akaniambia bila kunizungusha kwamba nisipoupunguza mwili, presha itanipunguzia siku. Alisema kweli, wala leo sijaja kukukataza wewe unayetaka kupungua. Nikaacha sukari, nikaacha chapati, nikawa naamka alfajiri na kutembea hadi kwenye mashamba ya mkonge na kurudi kabla jua halijachoma.

Mwili ukaitikia. Mwanzoni watu walinong'ona juu yangu, maana miaka ile ya ukimwi, ukikonda hapa kwetu hawakukuuliza unakula nini, waliulizana mume wako analala wapi. Mteja mmoja alinipita na kitambaa chake mkononi, akaenda kwa fundi mwingine. Lakini waliponiona natembea kwa nguvu na uso unang'aa, minong'ono ikageuka sifa. Na hapo ndipo nilipopotea. Njaa ya chakula niliishinda. Njaa ya kusifiwa ilinishinda. Kila siku ya soko nilikwenda kwa mzee wa mizani pale langoni, nikavua viatu, nikavua hata mkufu, nipate kusikia kilo imeanguka. Nikazoea kuwapima watu wote kwa jicho hilo moja: huyu kaongezeka, huyu kapungua. Sikuona kitu kingine.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda nyumbani Mghange kumwona Mama. Baba alikuwa ametangulia zamani, ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo Mama alikaa peke yake na ndizi zake na mbuzi wawili. Nikifika alinipikia kimanga, yaani maharage na mihogo, akiviponda kwa mwiko mkubwa mpaka jasho limtoke. Kwetu kimanga hakigawanywi kwenye sahani. Kinawekwa katikati, mnakaa, mnakula pamoja, na aliyetoka safari ndiye anayeanza. Siku moja, mimi niliyetoka safari nikafungua kopo langu, nikatoa mayai mawili ya kuchemsha na tango.

Akauliza, "Kimanga changu kimekukosea nini?"

Nikamfundisha. Nilimweleza habari za wanga na mafuta kama mwalimu wa darasa la nne, huku mvuke wa chakula chake ukipotea hewani.

Safari iliyofuata alipika tena, akakiweka katikati, hakunihimiza. Nilikula mayai yangu. Nilipoinua macho niliona kimanga kiko vilevile, hakijaguswa hata upande wake. Akaona nimeona. "Na mimi napunguza," akasema. "Nimekuiga wewe."

Mwanangu, nilijivuna. Nikarudi Voi nikawatangazia watu kwamba nina mwanafunzi Mghange mwenye miaka zaidi ya sitini. Miezi yote ile tulikaa hivyo, watu wawili na chakula kimoja katikati, hakuna anayekula, kila mmoja ameficha sababu yake nyuma ya mwenzake. Laiti ningechota mara moja tu kutoka kile chombo. Anayekula na mwenzake humwona mwenzake.

Sare nilimpunguzia mara ya kwanza, nikampunguzia mara ya pili. Kila mara aliniambia neno moja: "Usikate kitambaa, Wakesho. Kikunje ndani." Nami nilimkemea, nikasema mtu anayeacha kitambaa ndani anajipa ruhusa ya kunenepa tena. "Kiache tu," akasema. Nikakiacha, kwa kumvumilia.

Sasa turudi Jumamosi ile. Jirani yangu pale sokoni alikuwa Mama Auma, mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu wa upande wa Kisumu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Mama alipotoka kwenda kununua chumvi, Mama Auma aliacha ndoo zake akaja akasimama mlangoni.

"Fundi, mama yako amekula nini leo?"

Nikamwambia anapunguza mwili, kama mimi.

"Sikukuuliza kama anapunguza. Nimekuuliza amekula nini."

Nikainama kuokota pini. Akauliza jana je. Nikaokota nyingine. Akatikisa kichwa. "Mtu anayepunguza hukitamani chakula. Wewe ukiona mandazi yakipita, shingo yote inageuka, tunakuona na tunakucheka. Mama yako akiona chakula anakiogopa. Mwangalie macho."

Nilikasirika. Nikajiambia ni wivu wa mtu mnene. Lakini Mama aliporudi nilitoka nikaagiza chai na mandazi mawili, nikakaa naye kwenye benchi, nikakata langu nikaanza kula, mara ya kwanza kula naye kwa miezi mingi. Aliona nakula, akakosa pa kujificha. Akachovya kipande kidogo, akakiweka mdomoni, akakizungusha, akakizungusha. Alipojaribu kumeza, machozi yalimtoka, akageuka, akakitema kwenye pembe ya leso.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu vuli."

Na wakati huo masika ilikuwa imeanza. Nikamuuliza mbona hakusema. Alifuta mdomo polepole, akaikunja ile pembe ya leso isionekane.

"Ulikuwa na furaha sana. Kila mtu anakusifu. Nikasema, basi wacha nipungue pamoja na mwanangu."

Nikampeleka hospitali, na daktari akakuta uvimbe kooni, mahali chakula kinapopita. Aliuliza shida ilianza lini, nikamwambia. Akasema, "Mngekuja mapema," kisha akainamia karatasi, akaandika. Nimeishi na sauti ya kalamu ile zaidi ya nilivyoishi na maneno yake. Mama alikufa kabla mahindi ya masika hayajakauka shambani.

Tulimvika sare yake. Zile pini za Jumamosi zilikuwa bado mahali pake, nikazitoa. Kisha nikachukua wembe, nikafumua mishono yangu yote miwili, na kile kitambaa alichonikataza kukata kikafunguka. Kilikuwa buluu mbichi, kwa sababu jua halikuwahi kukiona, mistari miwili ubavuni katika gauni lililopauka. Alitaka kurudi kwenye gauni lake, mwanangu. Ndiyo maana aliniomba. Nikamzika na sare ya ukubwa wake wa zamani, ikamlegea kila mahali, na akina mama wakanong'ona kwamba fundi mzima ameshindwa kumpima mama yake. Walisema kweli kuliko walivyojua.

Mimi sikula wiki ile. Na pale matangani, niamini usiniamini, mwanamke mmoja alinishika mkono akasema, "Pole sana. Lakini umependeza, umezidi kupungua." Nikamwangalia, nikajiona.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwili ukihitaji kupunguzwa, upunguze, na mtu asikucheke. Lakini usimsifu mtu kwa kupungua kabla hujajua anakulaje. Mwulize leo amekula nini, na usikubali jibu lingine. Ukienda kwa mama yako aliyekuzaa, liache kopo lako nyumbani. Kula vijiko viwili tu kama hesabu ya mwili wako inakubana, lakini uvichote kwenye chombo chake, ukiwa umekaa mkabala naye, na umtazame anapomeza. Mimi nilikuwa na futi shingoni kutwa, nikampima mama yangu mara tatu, na sikumwona.

Mungu akupe mwili mwepesi wa kukufikisha kwa watu wako, na akufikishe wakiwa bado wanapika. Na ukikuta chakula kimewekwa katikati, mwanangu, anza wewe.