Pilipili Aliyomchagulia Mugambi

Hakuna anayelima tena kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko la Kaari, juu kidogo ya mji wa Laare. Wanawake wanaopita na madebe ya maji hukitazama, kisha hutazama njia. Zamani walikuwa wakimkuta pale kabla jua halijapanda, ameinama, leso kiunoni, akiigombeza mimea kwa Kimeru kana kwamba imechelewa shule. Walimwita, naye aliwajibu bila kuinuka.

Mumewe Mugambi alichuma miraa kwa miaka thelathini. Mwaka wa 2019 sauti yake ilianza kukwaruza, kisha chakula kikaanza kumkwama. Ilikuwa saratani ya koo. Alikaa Nairobi wiki saba akipigwa mionzi, akarudi hai, lakini mate yalikuwa yamekauka na ulimi hausikii kitu.

"Ni kama natafuna gazeti," alisema, akasukuma sahani.

Daktari hakumficha Kaari. Uvimbe umeondoka, alimwambia, kinachoweza kumchukua sasa ni njaa. Kufikia Krismasi Mugambi alikuwa anafunga suruali kwa kamba.

Siku moja, kwa kukata tamaa, Kaari aliponda kipande cha pilipili kichaa ndani ya ndizi zake. Mugambi aliinua kichwa. "Hapo," alisema. "Hapo nimesikia kitu." Kisha kikohozi kikamshika, machozi yakamtoka, akashika koo kwa mikono miwili, maana koo lenyewe lilikuwa bado kidonda. Kaari aliomba msamaha jioni nzima. Lakini alikuwa ameuona ule uso ukiamka, na hakuweza kuusahau. Alihitaji pilipili inayosikika bila kuchoma.

Alianza na hoho. Mugambi alitafuna, akatabasamu kidogo. "Mama Joyline, hii ni maji imevaa shati ya kijani." Akajaribu zile ndefu nyekundu za soko la mji wa Maua. Zilichoma na hazikuwa na harufu yoyote.

Aliipata Embu, alikokwenda kwenye mazishi ya shangazi yake. Sokoni, mama mmoja kutoka Mbeere, jina lake Teresia, alikuwa na sufuria ya pilipili fupi za manjano, zimekunjamana kama ngozi ya kizee.

"Inaitwaje hii?"

"Haina jina. Ni ya kwetu tu."

"Ni kali?"

"Ingine kali, ingine mpole. Kama watoto wa nyumba moja. Onja, lakini usinililie hapa, utanifukuzia wateja."

Kaari alikata moja kwa ukucha. Ilinukia pera lililoiva. Joto lilikuja polepole, likasimama katikati ya ulimi, halafu likaondoka kwa adabu. Alinunua sufuria nzima.

Akazipanda nyuma ya jiko. Kila mche ulipozaa, alikata tunda la kwanza, akagusisha ulimi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, kisha akasali Baba Yetu moyoni. Pilipili iliyokuwa bado inachoma alipofika kwenye Amina, mche wake uling'olewa. Iliyopoa mapema lakini haina harufu, nayo iling'olewa. Awamu ya kwanza ilimwachia miche minne kati ya thelathini. Ya pili ilimwachia mmoja. Mbegu za mche huo alizichanganya na jivu, akazitia katika kibuyu kidogo, akakitundika juu ya moshi wa jiko, kama mama yake alivyotunza maharagwe.

Mugambi akaanza kula, kwanza vijiko vitatu, halafu nusu sahani. Siku moja aliweka kijiko chini ghafla, Kaari akaogopa.

"Leo nimesikia ndizi," alisema. "Ndizi yenyewe, si pilipili."

Kamba ilitoka kwenye suruali, mshipi ukarudi.

Mwaka uliofuata Runji, mdogo wake Mugambi, alipanda pilipili kichaa hadi kwenye ua wa boma la Kaari, kwa ajili ya mnunuzi aliyepeleka ng'ambo. Mizinga yake ya nyuki ilining'inia hapo hapo juu ya mpaka. Alikuwa akiegemea ua na kumtania Kaari. "Shemeji, wewe unalea pilipili kama mtoto wa kliniki. Zangu zinajilea zenyewe na zina hasira." Kaari alicheka. Msimu huo alijaza tena kibuyu chake mbegu.

Kisha ukaja ukame. Miche ya zamani ikafa, na mvua iliporudi akapanda kutoka kibuyuni. Hakuwa na wasiwasi. Mbegu ilikuwa yake.

Matunda ya kwanza yaliiva wiki ambayo akina mama wa kanisa lake walikuwa wamefunga siku tatu kumwombea Mugambi saratani isirudi. Kaari alifunga pamoja nao, na aliyefunga haweki kitu ulimini, hata chumvi ya kuonja. Alichuma pilipili moja, akainusa. Harufu ilikuwa ile ile. Aliikatakata juu ya ndizi za moto, akazipondaponda vizuri, akampelekea mumewe, akarudi jikoni kuomba.

Aliposikia sahani ikianguka alidhani imemponyoka. Alimkuta amepiga magoti sakafuni, mdomo wazi, anavuta hewa isiyofika. Alimpa maziwa, yakarudi na damu.

Siku ya nne alibeba pilipili moja ndani ya karatasi hadi dukani kwa Gedion, anayeuza mbegu na dawa za mimea pale Laare. Gedion aliigeuzageuza, akauliza jirani amepanda nini.

"Mama, hizi hazipandwi karibu na kichaa. Nyuki hutoka hapa akaenda pale. Tunda unalochuma mwaka huo halibadiliki, lakini mbegu yake imeshachanganyika."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza nani?"

Runji alipopata habari alikuja na panga, akafyeka safu zote za mpakani bila kuambiwa. Alisimama mlangoni, jasho likimtoka. "Shemeji, kama ningejua."

"Hata mimi," Kaari alisema.

Mugambi hakumlaumu. Lakini alianza kukiogopa kijiko. Kaari alikaa mbele yake akionja kila tonge kwanza, akimeza, akifungua mdomo kumwonyesha. Mugambi alitazama yote hayo kwa upole kisha akatikisa kichwa. "Najua ni nzuri," alisema. "Ni koo halijui." Aliendelea kunywa uji kwa mrija, kisha maji ya uji, kisha maji. Alikufa mwezi wa nane, na watu wawili tu walitosha kubeba jeneza lake hadi kwenye gari.

Daktari alisema koo lingejifunga hata hivyo, makovu ya mionzi hufanya hivyo baada ya miaka. Kaari alimshukuru. Siku ya mazishi, kiongozi wa akina mama alisimama akasema walifunga, wakaomba, na Mungu ameamua. Kaari aliinuka katikati ya maneno hayo, akaingia jikoni, akatungua kibuyu na kukitupa motoni. Moshi ule uliwafukuza wapishi wote, wakatoka wakikohoa na kushika macho, na watu wa mbali wakadhani wanalia.

Miche aliing'oa mwenyewe kesho yake.

Kaari sasa anaishi Nchiru, karibu na chuo kikuu, katika chumba kimoja na binti yake Joyline, na anafulia nguo wanafunzi wa hosteli tatu, Jumatatu hadi Jumamosi.