Mama Mkwe wa Kwenye Kanda

Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliishi Rusimbi, mtaa wa Kigoma, kwa shangazi yangu, mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa meli. Mume huyo alimwachia vitu viwili ambavyo mtaa mzima ulivijua: televisheni yenye kioo kilichobinuka kama tumbo la mja mzito, na deki ya kuchezea kanda za video. Vyote vilikaa juu ya kabati, vimefunikwa kitambaa cha uzi mweupe alichokifuma mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kukifunua isipokuwa yeye. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri alisogeza viti ukutani, akatandika mikeka, na wanawake wa mtaa wakaja kutazama picha. Wanaume walikuwa na vibanda vyao vya video kule Ujiji. Hapa palikuwa petu.

Nadhani sijawahi kumpenda binadamu yeyote kama nilivyowapenda watu wa ndani ya kile kioo. Kulikuwa na mwanamke wa Kihindi mwenye macho makubwa, ambaye akilia chozi lake lilichukua muda mrefu kufika kidevuni, na sisi sote tulilisubiri lifike. Kulikuwa na kijana wa Kichina aliyepiga watu kumi kwa mateke bila kutokwa jasho. Alikufa katika kanda moja, na wiki iliyofuata tukamwona mzima katika kanda nyingine, na kukazuka ubishi uliokaribia kuvunja urafiki wa watu. Jirani yetu mmoja, bibi kizee, kila mwigizaji wa kiume alipotazama mbele alijifunika khanga hadi usoni. "Ananiangalia mimi," alisema, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu na sisi tuliona hivyo hivyo.

Lakini nyota wangu mimi hakutoka India wala China. Alitoka ng'ambo, Kongo, upande ule ambao siku ya anga safi tuliiona milima yake tukiwa tunafua nguo ziwani. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuja na kanda ya mchezo uliorekodiwa katika kituo kidogo cha televisheni cha mji mmoja wa huko. Watu walizungumza Kifaransa kilichochanganywa na Kilingala, na hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa. Hatukujali. Ndani yake kulikuwa na mama mkwe.

Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, na kilemba chake kilikuwa kirefu kuliko mlango. Aliingia nyumbani kwa mwanawe, akasimama, akageuza shingo taratibu kuangalia kila kona ya chumba kabla ya kusema neno. Kisha sauti ikatoka: nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka na bado anatawala dunia. Mwisho wa mchezo alimwendea mkwe wake wa kike, akasema maneno mengi mfululizo, akautupa mkoba wake mezani, na kutoka. Pale ndipo tulipopiga vigelegele na kucheka hadi kushikana. Tulijua kabisa kwamba alikuwa akimtukana yule binti. Mimi niliyakariri yale maneno yote bila kujua maana ya hata moja, na shuleni wenzangu waliniomba niyaseme wakati wa mapumziko. Nilifunga sweta kichwani, nikageuza shingo, nikatupa mkoba wa madaftari juu ya dawati.

Halafu vita ikaja upande ule wa pili. Tulianza kusikia habari zake sokoni, na baadaye tukawaona watu wenyewe. Maboti yalishusha familia nzima nzima, wengine na godoro moja, wengine na kuku, wengine mikono mitupu. Ujiji yetu ina watu wengi wenye asili ya huko, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu wa kumtafuta katika umati. Shangazi alipika uji wa ndoo mbili kila asubuhi, na mimi nilimsaidia kuupeleka ufukweni. Asili ya bibi yangu, mama yake shangazi, ilikuwa ng'ambo.

Asubuhi moja nilikuwa nikichota uji kwa kikombe, siangalii nyuso, naangalia vyombo tu. Mbele yangu kukasogea mwanamke aliyemshika mkono mzee mmoja. Mguuni alikuwa na ndala moja. Mtu wa nyuma alimsukuma, naye akageuka.

"Tafazali, usimusukume mzee. Uji haukimbie."

Kikombe kilinitoka mkononi. Ilikuwa ile sauti. Niliinua macho nikamwona mtu aliyekonda, mashavu yameingia ndani, nywele hazijafungwa. Lakini alipogeuza tena uso kunitazama, shingo ilizunguka taratibu vile vile.

"Mama," nilisema, "wewe si ndiye yule mama mkwe? Wa kwenye televisheni?"

Alimvuta yule mzee karibu naye. Kisha akasema kwa upole, "Hapana, mwanangu. Haiko miye."

Nilimweleza shangazi tukiwa bado pale pale. Akanifokea: "Wee, picha zimekuharibu akili. Watu wamepoteza nyumba zao, wewe unawatafuta waigizaji?" Niliona aibu. Lakini shangazi mwenyewe alipomsalimia yule mzee, "Shikamoo, baba," na kumuuliza kwao, wakajikuta wanataja ukoo mmoja, ukoo wa bibi. Mzee alikuwa na homa kali. Shangazi akazungumza na wasimamizi wa wakimbizi, na wakakubali baba na binti yake wakae kwetu mpaka mzee apate nafuu, ndipo waende kambini upande wa Kasulu pamoja na wenzao.

Hivyo ndivyo nyota wangu alivyokuja kulala chumba kimoja na mimi, juu ya mkeka, miguu yake ikigusa sanduku langu la shule. Sikumuuliza tena. Nilimtazama tu. Nilimtazama akimenya mihogo, akimlisha baba yake mchuzi wa mgebuka, samaki wa ziwani, kwa kijiko, akifua ile nguo yake moja na kukaa na khanga ya shangazi mpaka ikauke. Kila alichofanya kilinishangaza, hata kupiga miayo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba watu wale hupiga miayo.

Jumamosi ya pili wanawake wakaja kama kawaida, wengi kuliko siku zote, kwa sababu wiki nzima ilikuwa ya huzuni na kila mtu alitaka kucheka. "Tuwekee mama mkwe," wakasema. Nilimwambia shangazi pembeni, "Usiweke hiyo." Akanisonya, akasema nimeanza tena. Akaiweka.

Mgeni wetu alikuwa uani akichambua maharage. Sauti yake mwenyewe ilitoka ndani na kumfuata huko nje. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa uani, nikamwona mkono wake ukisimama juu ya ungo. Ndani watu walikuwa wakicheka. Kisha akainuka, akajifuta mikono, akaja kusimama mlangoni nyuma yetu sote.

Nilitarajia atakasirika. Badala yake alifungua mdomo kama mtoto anayeona treni kwa mara ya kwanza. Baadaye alituambia kwamba alikuwa hajawahi kujiona. Nyumbani kwake hakukuwa na televisheni, na saa za mchezo alikuwa bado barabarani akiuza mikate kwa beseni. Miaka yote ile aliambiwa na watu njiani kwamba yeye ni mkubwa, naye alicheka tu. Sasa aliona. Aliangalia kile kilemba, na pete zilizojaa vidoleni, na kila mwigizaji mwingine alipotokea nilimsikia akinong'ona jina lake, polepole, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari.

Tukafika mwisho. Mama mkwe akamkaribia binti, akafungua mdomo, na umeme ukakatika.

Kelele zilizozuka mnazijua. Kigoma ya miaka ile umeme ulikuwa mgeni, na mgeni huyo hakuaga. Watu wakaanza kulaani, wengine wakatafuta ndala zao. Ndipo ile sauti ikaendelea. Ilitoka mlangoni. Na safari hii ilikuwa kwa Kiswahili.

"Unafikiri nimekuja kukufukuza?" ilisema. "Miye njo nilifukuzwa kwanza. Nilisimama mulangoni kama hapa, na mvua, na mutoto mugongoni. Yule mutoto ni mume wako. Mama mukwe wangu akanifungia. Nikaapa, siku yangu ikifika, sitamufungia mutu. Halafu nimekuja kwako, nimekuona unacheka na mwanangu, na roho yangu ikaniuma. Nimekuwa yule mama. Unisamehe. Chukua hii mukoba, funguo za nyumba yangu ziko ndani. Ukitaka kuja, njoo. Ukikataa, nitajua ni haki yangu."

Mikono yake ilitua kwenye hewa, ikiweka mkoba usiokuwepo juu ya meza isiyokuwepo. Nami naapa niliuona ule mkoba.

Miaka miwili tulikuwa tumecheka mahali ambapo mwanamke alikuwa anaomba msamaha. Nilifikiria jinsi nilivyotupa madaftari yangu juu ya dawati, darasa zima likiangua kicheko. Yule bibi kizee jirani ndiye aliyeinuka kwanza. Hakujifunika. Alikwenda mpaka mlangoni, akamshika mgeni mashavu kwa viganja vyote viwili, akasema, "Kumbe ni wewe, mwanangu. Kumbe ni wewe." Mwanamke mmoja aliyekuwa amegombana na mama mkwe wake alilia mpaka akatolewa nje kupunga upepo. Umeme uliporudi, televisheni ikapiga kelele za ghafla, na shangazi akachomoa waya ukutani bila kugeuka kuitazama.

Jioni ile, tukiwa watatu jikoni na jua bado lipo, shangazi alimuuliza mgeni kwa nini ufukweni alikana kwamba ni yeye. Alikoroga mawese kwenye sufuria.

"Dada, njiani tulikuta kizuizi," alisema. "Askari mmoja akanitambua. Akasema, 'Mama mukwe, tuchezee.' Baba yangu walimupigisha magoti kwenye matope. Nikacheza. Mvua inanyesha, nacheza, wao wanacheka. Nilipomaliza wakatuachilia. Wenzetu wa nyuma hawakuachiliwa." Akanigeukia mimi. "Wewe ulikuwa na uso muzuri, umefurahi. Lakini ulisema maneno yale yale."

Nilimpigia magoti, naye akaniinua haraka, akasema hataki kumwona mtu akipiga magoti.

Wiki iliyofuata mzee alikuwa amepata nguvu, na lori likawachukua. Shangazi alimpa viatu, khanga mbili na chungu. Mimi nilimpa kalamu yangu ya wino, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa mtu mkubwa kama yeye.

Miezi kadhaa ilipita kabla hatujapata nafasi ya kwenda kuwatembelea, na kiroba cha dagaa. Tulipanda gari Mwandiga asubuhi na mapema na kufika kambini mchana, tumepauka kwa vumbi jekundu. Tuliuliza habari zake kwa mtu wa kwanza tuliyekutana naye, na hakutuacha tumalize. "Mama wa michezo? Fuata watu."

Tukafuata watu. Kwenye uwanja mtupu kati ya mahema umati ulikuwa umekaa chini, mamia, na watoto wamepanda miti. Katikati kulikuwa na mkeka mmoja, na yeye kando yake, akigombana na kijana kwa sababu mwigizaji mmoja alikuwa ameugua tumbo. Alituona. Alimkumbatia shangazi, kisha akanishika bega na kunipima kwa macho kama mshonaji.

"Unaweza kulala bila kucheka?"

"Naweza."

"Basi wewe ni mutoto wangu, umekufa. Lala hapa."

Nikalala. Wakanifunika shuka hadi kifuani. Nilifumba macho, na kelele za umati zikatulia mpaka nikasikia turubai za mahema zikipigwa na upepo. Kisha nikasikia hatua zake, na kilio kikaanza, kwa chini kabisa, kilio ambacho sijakisikia tena mahali popote, kwenye picha wala kwenye msiba. Nilifungua jicho moja kidogo tu. Uso wake ulikuwa juu ya uso wangu, karibu kuliko nilivyowahi kukikaribia kile kioo cha shangazi. Niliona vinyweleo vya jasho juu ya mdomo wake na kovu dogo kwenye nyusi. Chozi lilimtoka, likanidondokea shingoni, la moto. Umati mzima ulikuwa unalia. Na katikati ya kuvuta pumzi kwa kilio kingine, bila midomo yake kusogea, akaninong'oneza:

"Fumba jicho. Na mguu wako wa kushoto unaonekana."

Nikavuta mguu polepole ndani ya shuka, akaendelea kulia.