Mrushaji Aliyechoka Kupunga Ishara za Uongo

Huko Cotter's Mill, Alabama, mtu anaweza kusamehewa wizi, hata kusamehewa mke wa pili wa siri, lakini hasamehewi kuacha timu. Tusi lao kubwa ni "mtoro". Mlevi humtukana mlevi mwenzake kwa neno hilo. Tavoris Ledbetter aliitwa hivyo akiwa kijana mbichi, tena kanisani, na waliomwita hivyo hawakujisumbua kuuliza kilichomtoa huko alikokuwa.

Tavoris alikuwa na mkono. Mpira wao ule uliochongoka ncha mbili akiurusha, ulikwenda mahali alipotaka yeye, si mahali ulipotaka upepo. Habari zikaenea, na makocha wa vyuo wakaanza kumiminika mjini. Mmoja alikuja kwa helikopta, akatua nyuma ya shule na kuwatimua mbwa wote wa mtaa. Kocha Stroud yeye alikuja na tabasamu. Aliketi mezani kwa Verlene, mama yake Tavoris, ambaye hukata kuku kiwandani, akala mboga na mkate wa mahindi, akaomba aongezewe.

"Mama Ledbetter," akasema huku akipangusa midomo, "kuanzia leo mwanao ni mwanangu."

"Haya, Kocha. Na mpaka sasa unao wangapi?"

Kocha alicheka sana. Tavoris naye alicheka, maana alikuwa na umri wa kuamini watu wanaomaliza sahani. Siku ya kutangaza chuo alichochagua, kofia nne za vyuo vinne zilipangwa mezani kwenye ukumbi wa shule, bendi ikanyamaza, naye akaichukua ya Kocha Stroud na kuivaa. Shangazi zake walilia mpaka wanja ukawachuruzika.

Sasa, ukweli wa mchezo huu ni huu. Mkimbiaji akichoka, mwenzake anaingia. Walinzi hupokezana kama watu wa zamu. Lakini mrushaji, yule anayeupokea mpira na kuamua uende wapi, ni mmoja tu, na asipoumia hatoki. Usukani haushikwi na madereva wawili. Makocha wanalijua hilo vizuri, na bado hukusanya warushaji kama mtu anayeogopa giza anavyonunua viberiti: kimoja kitawashwa, vingine vitapata unyevu kabatini. Na kila mmoja wao alikuwa mfalme kwao. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kocha Stroud alifuga watano, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa zizi zima.

Mwaka wa kwanza Tavoris alisubiri bila kinyongo. Mgeni husubiri. Kabla ya msimu wa pili Kocha Stroud akapata chuo kingine, kikubwa zaidi, huko magharibi. Aliwaaga "wanawe" kwa ujumbe wa simu, tayari yuko uwanja wa ndege. Gazeti lilisema amepanda cheo na kumtakia heri. Akaja Kocha Haldane, na Kocha Haldane hakuja mikono mitupu: alikuja na mrushaji wake, Colby, kutoka chuo alichokiacha.

Tavoris akapewa kazi nyingine. Wakati wa mechi, warushaji wa akiba husimama pembeni mwa uwanja na kumpungia mwenzao ishara za mikono, ajue mpango gani unafuata. Ili wapinzani wasiibe siri, wanapunga watatu kwa pamoja, na mmoja tu ndiye anayesema kweli. Wawili wanadanganya. Tavoris alipewa kudanganya. Jumamosi baada ya Jumamosi, mbele ya umati uliojaza uwanja, kijana aliyefuatwa na helikopta alishika masikio, akasugua tumbo, akapiga mabawa kama kuku, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na maana.

"Wenzangu kazini wananiuliza," mama yake alimwambia kwa simu, "eti mwanao anafukuza nyuki?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikacheka nao. Lakini iliniuma, baba. Usifikiri haikuniuma."

Ilimuuma na yeye. Lililomuuma zaidi ni kwamba alikuwa akianza kuwa hodari wa kudanganya.

Halafu ikaja mechi ya Oktoba. Timu ilikuwa nyuma, dakika zinayoyoma. Tavoris akiwa pale pembeni akaona walinzi wa wapinzani wamejazana kulia, na kushoto pamebaki peupe kama kiwanja cha kuanikia nguo. Mikono yake haikumwomba ruhusa. Badala ya kupiga mabawa, ilipunga ishara ya kweli: kushoto, mbali, sasa hivi. Colby, kwa haraka na kelele za uwanja, akamtazama mtu asiyestahili kutazamwa. Akaitii ishara ile. Mpira ukaruka kushoto, ukadakwa na kijana aliyekuwa peke yake, akaingia nao mpaka mwisho huku akitembea. Wakashinda.

Watu walimbeba Colby. Watangazaji walimsifu Kocha Haldane kwa akili. Jumatatu asubuhi Tavoris akaitwa ofisini.

"Nani alikupa ruhusa ya kusema kweli?" Kocha akafoka.

Tavoris alidhani amesikia vibaya. "Tulishinda, Kocha."

"Sikuulizi kama tulishinda. Kazi yako ni ishara za uongo. Ukianza kutoa za kweli unaharibu utaratibu wote."

Kijana akavuta kiti, akaketi. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa imepoa, na iliyopoa ndiyo mbaya.

"Nikuulize moja, Kocha, unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Colby akiumia Jumamosi hii, nani anaingia?"

Kocha Haldane akatazama dirishani. "Uanaume ni kuvumilia, Tavoris. Ukiahidi mahali, unakaa."

"Na wewe ulikaa ulikotoka?"

Hapo mazungumzo yakaisha. Msimu ulipokwisha, Tavoris akaingiza jina lake kwenye dirisha la uhamisho, akarudi nyumbani kwa mapumziko.

Jumapili ya kwanza kanisani, wakati wa matangazo ulipofika, Shemasi Purvis alisimama kuombea vijana. Sala yake ikapinda.

"Siku hizi jua likiwaka kidogo tu, wanakimbilia kivuli. Tunalea watoro, ndugu zangu. Watoro!"

Hakutaja jina. Hakuhitaji, shingo zote ziligeuka. Tavoris alitamani sakafu immeze. Kisha akasikia benchi likikwaruza sakafu: mama yake amesimama, kofia yake ya zambarau imesimama naye.

"Shemasi, Kocha Stroud alipoondoka mliomba sala ya watoro?"

"Dada Verlene, si mahali pake..."

"Mlisema amebarikiwa. Nilikuwepo. Na wewe mwenyewe ulitoka kanisa la Bethel kuja hapa kwa sababu walikunyima kuongoza kwaya."

"Hiyo ni tofauti!"

"Tofauti yake nini? Kwamba mkono wa mwanangu ni mzuri na sauti yako ni mbaya?"

Kanisa likaangua kicheko, hata mchungaji akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nyani haoni kundule, lakini siku ile Purvis alionyeshwa lake mchana kweupe. Mlangoni, wakati wa kutoka, akamkwepa Tavoris. Tavoris akamfuata, akamshika mkono kwa heshima.

"Niite upendavyo, Shemasi. Kwenda naenda."

Akaenda. Chuo kilichomchukua kilikuwa kidogo, huko Arkansas, na nyuma ya uwanja ng'ombe walichungulia kwenye ua. Hakukuja kocha kula kwa mtu. Walimuuliza tu kama anaweza kucheza, akasema ndiyo, wakampa mpira.

Mechi ya kwanza walinzi walimwangusha mpaka akasahau upande wa juu. Alirusha pasi mbili nzuri sana. Ya mwisho, timu ikiwa inakaribia kabisa kushinda, akairusha katikati ya kundi, ikanyakuliwa na mpinzani, mchezo ukaishia hapo. Mashabiki wachache waliokuwepo walimzomea ipasavyo.

Jua lilikuwa bado halijazama alipompigia mama yake, ameketi kwenye nyasi, barafu imefungwa begani.

"Mmepigwa," Verlene akasema.

"Tumepigwa, Mama."

"Unaumwa wapi?"

"Bega. Mbavu. Mpaka meno."

"Na ule mpira wa mwisho, ule wa kipumbavu, nani alikuambia uurushe?"

"Hakuna aliyeniambia." Akajisikia anatabasamu, na midomo iliyopasuka ikamuuma. "Nilikosea mimi, Mama. Mimi mwenyewe."